Ngano Ngumu, Ngano Laini, na Mkate Uliolala

(Mazungumzo yaliyosomwa na kikundi cha tanuri la kijiji mbele ya wasomaji wa darasa la watu wazima. Tunayachapisha kama yalivyosomwa.)



Sisi ni watu wa tanuri. Tunakaa katika milima ya Makete, kwenye baridi, mahali ambapo viazi vinakubali na ngano inakubali. Tuko watu 14. Tuna tanuri moja la matofali, mabati ya kuokea, meza mbili na mizani. Tunaoka mikate, tunauza. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya ngano. Tumekubali, lakini tumeona tuanze na kosa letu, maana bila kosa lile tusingejua haya tunayokuja kuwaambia.

MKATE ULIOLALA

Kwa miaka mingi tulikuwa tukinunua unga dukani. Siku moja katika mkutano wetu mmoja akauliza: Jamani, kwa nini tununue unga na ngano tunalima wenyewe? Wote tukapiga makofi. Tukakusanya magunia manne ya ngano yetu, tukayapeleka mjini kwenye mashine inayosaga na kuchekecha. Unga ukarudi mweupe, laini kama poda ya mtoto. Tukafurahi sana.

Wakati huo tulikuwa tumeagizwa mikate 120 ya arusi. Mwokaji wetu, mama mmoja aliyeoka nasi tangu tanuri lijengwe, akakanda kama siku zote: unga kilo 10, maji lita 6 na kidogo, hamira, chumvi, sukari kidogo. Lakini donge likamshika mikono kama tope la mfinyanzi. Akaunda mikate, ikatambaa kwenye bati. Akaitia tanurini, ikalala. Tulipofungua mlango tuliona vitu bapa kama sahani, chini vimeungua, katikati vibichi.

Watu wa arusi walikataa. Tukarudisha fedha yao. Unga umekwisha, kuni zimekwisha, hamira imekwisha.

Jioni tukakaa kikao. Maneno yalikuwa mamoja tu: Mama amezidisha maji. Yeye akasema, "Nimepima kama siku zote." Tukamwambia asidanganye, donge lile kila mtu ameliona. Mzee mmoja akasema hata mkono wake siku hizi umekuwa mbaya. Tukamwondoa kwenye kukanda. Mama akafunga kanga yake, akaenda nyumbani. Hakurudi.

Wiki iliyofuata akakanda mwingine, kijana mwenye nguvu. Akapima mbele yetu sote, lita 6 na kidogo. Mkate ukalala. Hapo tukanyamaza, kila mtu akawa anatazama miguu yake.

BWANA SHAMBA ANATUAMBIA TUTAFUNE

Bwana Shamba alipopita tukamweleza. Tulidhani ataomba kuuona unga. Hakuomba unga, akaomba punje. Tukamletea sahani ya ngano yetu. Naye akatoa mfukoni mwake kifuko cha ngano nyingine. Akasema, "Haya, tafuneni."

Tukatafuna. Ngano yake ilikuwa kama kutafuna kokoto ndogo. Inakataa, halafu inapasuka kwa kishindo ndani ya kichwa. Ya kwetu ilivunjika mara moja ikawa unga mdomoni. Wazee wasio na meno mengi waliipenda ya kwetu.

Akasema: "Hii yangu ni ngano ngumu. Hiyo yenu ni ngano laini. Unga wa dukani mliouzoea ni wa ngano ngumu. Mmebadilisha ngano, hamkubadilisha maji."

Basi kosa halikuwa mkononi mwa mama, lilikuwa ndani ya punje. Bwana Shamba alikaa nasi jioni mbili akitufafanulia. Haya yanayofuata ndiyo tuliyoyashika, na mengine tuliyasoma baadaye.

NDANI YA PUNJE KUNA NINI

Chukua punje ya ngano, ikate kwa wembe. Nje kuna ganda, ndilo linalotoka kuwa pumba. Pembeni chini kuna kiini, yaani mche mdogo uliolala. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyeupe, ndiyo inayokuwa unga.

Sehemu hiyo nyeupe imejengwa kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe za wanga, ndogo sana, jicho halizioni. Udongo unaoyashika matofali ni protini. Ngano ngumu ina matofali, na ngano laini ina matofali. Zote mbili zina udongo. Tofauti iko hapa: katika ngano ngumu udongo umeng'ang'ania tofali. Katika ngano laini haukushika.

Sasa bomoa kuta hizo mbili kwa nyundo. Ukuta ambao udongo haukushika utaachia, na matofali yataanguka mazima. Ukuta ulioshika sawasawa hauachii. Ukipiga, ufa unapita katikati ya tofali lenyewe. Matofali yanavunjika.

Hivyo ndivyo inavyokuwa mashineni. Ngano laini ikisagwa hutoa unga mwororo unaogandamana, ukiukamata mkononi unabaki bonge, tena unapenda kuziba chekecheke. Ngano ngumu hutoa unga wenye punjepunje kama mchanga mwembamba, unateleza kati ya vidole. Na ndani ya unga huo wa ngano ngumu, chembe nyingi za wanga zimevunjika.

Hapa ndipo penye siri ya maji. Chembe ya wanga iliyo nzima ni kama chungu kilichofunikwa. Maji inayokunywa hayafiki nusu ya uzito wake. Chembe iliyovunjika ni kama chungu kilichopasuka kikatupwa mtoni, maji yanaingia kila upande. Inakunywa mara kadhaa zaidi ya ile nzima. Kwa sababu hiyo unga wa ngano ngumu hutaka maji kilo 60 hadi 65 kwa kila kilo 100 za unga. Unga wa ngano laini hutosheka na 50 hadi 55.

Pigeni hesabu wenyewe. Kwa kilo 10 za unga wetu laini, maji yalitakiwa kama lita 5 na robo. Tulitia lita 6 na kidogo. Karibu lita nzima ilikosa pa kukaa. Mama alipima sawa. Unga haukunywa.

MAFUTA YA KOPO

Lakini tukauliza: kwa nini udongo ushike huku na usishike kule?

Bwana Shamba akamgeukia kijana wetu mkandaji: "Ukitaka mkate usigande kwenye kopo unafanya nini?" Kijana akajibu: "Napaka mafuta." Akasema: "Basi. Ngano laini hupaka mafuta matofali yake."

Si mafuta hasa. Ni protini ndogo mbili, ndugu mapacha, zinazokaa juu ya ngozi ya chembe za wanga pamoja na mafuta kidogo sana yaliyomo katika punje. Zinaitwa puroindolini. Pacha wa kwanza ni puroindolini a, wa pili puroindolini b. Jina ni gumu, lakini mwanzo wake ni neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya ngano. Mapacha wote wawili wakiwapo na wakiwa wazima, udongo haushiki tofali, na punje inakuwa laini. Mmoja akikosekana, au akiwa na kilema, udongo unashika, na punje inakuwa ngumu.

Waliotangulia kuona kitu hiki walikuwa watafiti wawili wa Uingereza, Greenwell na Schofield, mwaka 1986. Waliosha wanga wa ngano mbalimbali kwa maji, wakatazama kinachobaki juu ya chembe. Kwenye ngano laini walikuta protini hiyo kwa wingi. Kwenye ngano ngumu walikuta kidogo tu. Kwenye ngano ya makaroni hawakukuta kabisa. Wakati huo iliitwa friabilini. Baadaye ikajulikana kuwa ndani yake wamo wale mapacha.

Sisi kilichotushangaza ni hiki: ugumu si kitu kilichoongezwa. Ugumu ni kukosa. Ngano ngumu ni ngano iliyopungukiwa, na katika kupungukiwa huko ndimo ulimwengu unamopata mkate wake.

HERUFI MOJA

Sasa tunafika kwenye urithi. Twende pole pole.

Mtoto hurithi pua ya baba au macho ya mama. Mmea nao hurithi. Maagizo ya urithi yamo ndani ya kila chembe hai, nayo hukaa juu ya nyuzi zinazoitwa kromosomu. Agizo moja huitwa jeni. Fikirini kitabu: kromosomu ni kitabu, jeni ni sentensi moja ndani ya kitabu. Sentensi moja inasema, tengeneza puroindolini a. Sentensi jirani inasema, tengeneza puroindolini b.

Nyinyi mmejifunza kusoma, kwa hiyo mtaelewa haraka kuliko sisi tulivyoelewa. Andikeni neno "mkate". Sasa badilisheni herufi moja tu, ya mwisho, liwe "mkata". Mkate ni chakula. Mkata ni mtu asiye na kitu. Herufi moja imefanya yote hayo.

Mwaka 1997, huko Marekani, Giroux na Morris walieleza kwamba katika ngano ngumu nyingi kuna herufi moja iliyobadilika katika sentensi ya puroindolini b. Protini ni kama mkufu wa shanga. Kwa sababu ya herufi ile, shanga ya 46, ambayo ilipaswa kuwa glisini, imekuwa serini. Mkufu upo, lakini haufanyi kazi yake sawasawa. Katika ngano ngumu nyingine pacha b ni mzima, ila pacha a hayupo kabisa, sentensi yake imepotea. Njia hizo mbili ndizo zilizoenea zaidi duniani, ingawa zimepatikana na nyingine.

Kabla ya hapo watu walijua tu kwamba ugumu hurithiwa, na kwamba jeni kubwa inayohusika ni moja. Mtafiti Symes wa Australia alionyesha hivyo mwaka 1965 kwa kuzalisha ngano ngumu na laini pamoja na kuhesabu wajukuu. Hesabu yake sisi tunaipenda kwa sababu inafanana na mambo ya mbuzi. Ukizalisha ngumu na laini, mtoto huelekea upande wa laini. Kwa nini? Kwa sababu amepata sentensi nzuri kutoka kwa mzazi mmoja, na hiyo inatosha kupaka mafuta, ingawa si mengi. Lakini ugumu haukufa, umejificha. Katika punje za mtoto huyo, robo moja hivi zitakuwa ngumu kabisa.

KOO TATU ZILIZOOANA

Watu wa kwetu husema ukitaka kumjua mtu uliza ukoo wake. Ngano ya mkate ina koo tatu. Wataalamu wameziita A, B na D. Kila ukoo umeleta jozi 7 za kromosomu, jumla jozi 21. (Binadamu ana jozi 23. Hatukuzidi ngano kwa mengi.)

Zamani sana huko Mashariki ya Kati, nyasi mbili za mwituni ziliungana, za ukoo A na ukoo B. Kutokana nazo ikaja ngano ya makaroni, ile wanayoiita durumu. Wazee wa mwituni wa pande zote mbili walikuwa na mapacha wetu. Ajabu ni kwamba walipoungana, mapacha walipotea pande zote. Ndiyo maana durumu ni ngumu kama jiwe, na ikisagwa hutoa chenga za njano zinazofaa makaroni na tambi. Majirani zetu wa Ethiopia wameilima durumu tangu kale.

Halafu, yapata miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, kwenye mashamba ya wakulima wa kwanza kuelekea Bahari ya Kaspi, durumu au ndugu yake iliungana na jani moja la mwituni ambalo mkulima wa leo angeling'oa kama gugu. Jani hilo ndilo ukoo D. Gugu hilo lilikuja na mapacha wazima kwenye kromosomu yake ya tano. Hivyo ngano ya mkate ilizaliwa ikiwa laini. Ugumu ulikuja baadaye, herufi ilipobadilika au sentensi ilipopotea, na wakulima wakaichagua bila kujua wamechagua nini.

Kwa hiyo mtafiti akisema ugumu uko "5D", ana maana ya kromosomu ya tano ya ukoo wa D. Jambo hilo la mahali lilijulikana mwaka 1973, miaka mingi kabla ya mapacha wenyewe kuonekana.

Na watu hawachoki. Mwaka 2011 Morris, yule yule, na wenzake walitangaza durumu laini. Waliichukua sehemu ya 5D yenye mapacha wakaiingiza katika durumu kwa kuzalisha. Jiwe likawa unga. Sisi hatujaiona, lakini tungependa kuitafuna.

UGUMU PEKE YAKE HAUOKI MKATE

Hapa tuwatahadharishe, maana sisi tulikosea mara ya pili hapa hapa.

Baada ya kuelezwa tulidhani ngano ngumu yoyote inatosha. Sivyo. Ugumu unaamua namna ya kusaga na kiasi cha maji. Lakini mkate uumuke usimame, unataka kitu kingine, nacho ni gluteni. Gluteni ni ule udongo wenyewe, zile protini, zikishalowa maji na kukandwa. Inakuwa kama ulimbo wa kunasia ndege. Hamira ikitoa hewa, ulimbo unaishika hewa ndani, na mkate unapanda.

Nguvu ya ulimbo ina jeni zake mbali, si zile za mapacha. Baadhi yake ziko kwenye kromosomu ya kwanza ya kila ukoo. Mtafiti Payne na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba protini fulani kubwa za gluteni huenda pamoja na mkate mzuri, na nyingine na mkate hafifu. Kwa hiyo punje inaweza kuwa ngumu na ulimbo wake ukawa dhaifu. Hapo mkate utalala vile vile.

Tena kiasi cha protini hutegemea shamba. Unga wa mkate hutakiwa uwe na protini kama sehemu 11 hadi 13 katika 100. Wa biskuti na keki unatosheka na 8 hadi 10. Shamba lililochoka hutoa punje zenye protini kidogo hata kama mbegu ni bora. Samadi na mbolea huongeza protini. Haviwezi kubadilisha herufi ya 5D. Mbegu laini ukiipa samadi gari zima, itabaki laini.

Kosa letu la pili lilikuwa la macho. Tulianza kuchagua punje zinazong'aa kama kioo, tukidhani zile ndizo ngumu, na zile nyeupe kama chaki ndizo laini. Mara nyingi inakuwa hivyo, lakini si lazima. Jua kali na protini nyingi huifanya hata punje laini ing'ae. Ukosefu wa mbolea na mvua ya mwishoni huifanya punje ngumu iwe na mabaka meupe. Tulichagua debe zima kwa macho, siku mbili, watu wanne. Tulipotafuna tukakuta mchanganyiko. Jino ni hakimu bora kuliko jicho. Wenye maabara wana mashine inayoponda punje 300, moja moja, na kutoa namba: karibu 25 kwa ngano laini, karibu 75 kwa ngano ngumu. Sisi tunatafuna punje 20 kutoka kila gunia, tunahesabu.

Ulimbo nao unaweza kuupima nyumbani. Chukua konzi ya unga, tia maji kidogo, kanda uwe donge. Liache nusu saa. Kisha lioshe polepole ndani ya bakuli la maji, ukiminya kwa vidole. Maji yatageuka maziwa, hiyo ni wanga inatoka. Badilisha maji mpaka yawe safi. Kitakachobaki mkononi ni gluteni. Ivute. Ikinyumbuka na kurudi kama mpira, unga huo utasimama. Ikikatika ovyo, au ikitiririka, oka nao kitu kingine.

MBEGU INACHANGANYIKA WAPI

Mzee mmoja aliuliza swali zuri. Alisema: mahindi ya jirani yakichanua, upepo unaleta mbelewele na mahindi yangu yanabadilika. Je, ngano laini ya jirani itaharibu ngumu yangu?

Jibu ni kwamba ngano si kama mahindi. Ngano, kwa sehemu kubwa sana, hujioa yenyewe. Ua lake hujipa chavua kabla halijafunguka. Kwa hiyo mbegu ngumu ukiipanda leo, utavuna ngumu, na mwakani ngumu, na mtondogoo ngumu. Kumbe shambani hakuna tatizo. Tatizo ni sisi. Tunapura ngano zote kwenye turubai moja. Tunaazimana magunia bila kuyakung'uta. Mtu akipungukiwa mbegu anaongeza debe la shemeji yake. Baada ya miaka michache huna ngumu wala laini, una mchanganyiko. Na mchanganyiko ni mbaya kuliko laini tupu, kwa sababu kila gunia linataka maji yake. Msagaji naye anapata taabu. Ngano kabla ya kusagwa hunyunyiziwa maji ikaachwa ilowe. Ngumu hutaka maji mengi kidogo na muda mrefu, mara nyingi usiku mzima. Laini hutaka saa chache. Utailowesha vipi iliyochanganyika?

Mnunuzi mmoja alitukatalia magunia kwa sababu hiyo hiyo, na maneno aliyosema hayakuwa mazuri. Yalituuma. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini mwetu hutoka nje, na huku yetu inarudishwa kutoka mlangoni. Lakini tulipotafuna punje kutoka magunia yale, katika kila 20 tulipata ngumu 12 na laini 8. Mtu yule alikuwa mkali, ila hakusema uwongo.

Tuseme pia kwamba hatuchagui mbegu kwa ugumu tu. Kwanza kutu. Aina moja mbaya ya kutu ya shina ilionekana Uganda mwaka 1998, mwaka uliofuata ikapewa jina Ug99, na ikazishinda mbegu nyingi zilizokuwa zikiaminiwa. Ngano isiyohimili kutu haifiki tanurini, iwe ngumu iwe laini. Wenzetu wa Kenya wamekuwa wakizalisha mbegu Njoro tangu mwaka 1927, na kutu imekuwa adui yao muda wote. Baadhi ya mbegu zao wamezipa majina ya ndege, Kwale, Chiriku, Mbuni. Tukaulizana hapa kama wanataka ndege wazile.

Na msiondoke mkidhani ngano laini ni takataka. Keki na biskuti huitaka hiyo hiyo, kwa sababu haivuti maji mengi na haina ulimbo mkali. Ule unga wetu uliobaki, akina mama walikaangia visheti, vikaisha siku hiyo hiyo. Ubaya ni kuita kitu kwa jina lisilo lake, ukaahidi mkate mahali palipo na biskuti.

TULIVYOKWENDA KWA MAMA

Baada ya jioni ile ya pili hatukulala vizuri. Asubuhi tukaenda watu sita nyumbani kwa mama. Tulimkuta anapalilia viazi. Mzee, yule aliyesema juu ya mkono wake, ndiye aliyeanza. Akavua kofia, akasema, "Mama, tumekuja. Tulikosa." Akaeleza yote, matofali, mafuta ya kopo, maji.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Niliwaambia nimepima." Basi. Akaendelea kupalilia. Alirudi tanurini baada ya wiki tatu, tulipokwenda mara ya pili na kumrudishia sehemu yake ya fedha tuliyokuwa tumemkata. Alikuwa na haki kukawia.

Sasa yeye ndiye mwenye maji. Unga mpya ukija hamwagi yote. Anatia lita 5, anakanda, anashika, halafu anaongeza kwa kikombe mpaka donge liwe kama ndewe ya sikio. Anaandika kwenye daftari: gunia gani, unga kilo ngapi, maji kiasi gani. Kijana mkandaji hupewa daftari hilo asome kabla hajagusa karai.

Mwaka huu tumetenga mbegu. Turubai mbili, moja ya ngumu na moja ya laini. Kila mwanakikundi ameleta punje zake, tumekaa kwenye mkeka tukitafuna mpaka taya zikauma. Watu watatu wamekutwa na mbegu ngumu safi. Wanne wana laini safi. Waliobaki, tukiwamo sisi tunaosoma mazungumzo haya, tuna mchanganyiko, tumekubali kuula wote na kuomba mbegu kwa wenzetu. Ulimbo wa zile ngumu tatu tumeuosha. Mbili zinavutika vizuri. Moja inakatika, na mwenyewe amekasirika kidogo.

Magunia ya mbegu yako ghalani kwa mama. Ameyaandika kwa makaa, G kwa ngumu na L kwa laini, kila moja upande wake wa ukuta, na ufunguo anao yeye. Mvua ikikubali tutapanda wiki ijayo.